Alamu ya duka: ya kampuni au ya kujisimamia mwenyewe? Mwongozo kamili kwa wafanyabiashara wa Mtwara na Lindi

Ramadhani ya mwaka juzi, mama mmoja mwenye duka la simu na uwakala wa fedha pale Chikongola, Mtwara mjini, alinipigia saa kumi na robo usiku. Alikuwa ameamka kupika daku. Alipoichukua simu yake sebuleni, alikoiacha kwenye chaji, alikuta amepigiwa mara tatu na kutumiwa ujumbe mara nne na mtambo niliomfungia miezi minne nyuma. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa saa nane na dakika kumi na nne. Sauti ya simu aliizima alipokwenda tarawehe, akasahau kuirudisha.

Tulipofika dukani tukakuta kila kifaa kimefanya kazi yake. Kihisi kilimwona mtu akishuka kutoka darini, king'ora kililia dakika tatu kama nilivyokipanga, boksi likapeleka taarifa kwenye namba zote mbili. Namba ya pili ilikuwa ya mwanawe, ambaye usiku ule alikuwa chuoni Dodoma. Yeye alipokea, akampigia mama yake bila kupata jibu, na hakuwa na namba ya jirani hata mmoja. Majirani nao walikisikia king'ora wakabaki ndani, kwa sababu wiki mbili kabla ya hapo kilishalia mara kadhaa bila kitu. Simu thelathini na moja ziliondoka pamoja na fedha ya mtaji. Lawama ile naibeba na mimi: nilifunga vifaa vizuri, lakini sikumuuliza mama yule swali moja lililokuwa la lazima.

Siku hizi mtu akiniuliza achukue alamu ya kampuni au ajisimamie mwenyewe, naanza na swali hilo kabla ya bei na kabla ya aina ya kifaa. King'ora kikilia saa nane usiku, nani ataamka, na atafika mlangoni baada ya dakika ngapi?

Kwanza tuelewane maneno

Vifaa vya ndani ya duka vinaweza kufanana kabisa katika njia zote mbili: boksi la mtambo lenye betri, sumaku za milangoni, vihisi vya mwendo ambavyo mafundi tunaviita sensa, king'ora, na rimoti au kipadi cha namba za siri cha kutega na kutegua, yaani kuwasha ulinzi unapofunga na kuuzima unapofungua. Tofauti iko mwisho wa safari ya taarifa. Mtambo wa kujisimamia hukupigia wewe na watu uliowaandikisha. Mtambo wa kampuni hupeleka taarifa kwenye chumba cha uangalizi chenye mtu wa zamu saa 24. Huyo hukupigia kuhakikisha, hutuma gari la doria, na huwaita polisi ikibidi. Ada ya mwezi, basi, unanunulia macho yasiyolala na miguu ya kufika. Baadhi ya kampuni huuza macho peke yake, na mteja hugundua hivyo siku ya tukio.

Hatua ya 1: Andika majina na dakika

Chukua karatasi. Andika kila mtu anayeweza kufika dukani kwako usiku wa manane, anapolala, na atafikaje. Kisha usikadirie, pima. Ondoka nyumbani kwako Shangani au Magomeni saa tano usiku, tumia usafiri uleule utakaoutumia siku ya shida, hesabu dakika mpaka Soko Kuu. Anayelala Mikindani ana kilometa 10 hivi za barabara kabla hajaona mlango wake. Kama hana chombo chake, aongeze muda wa kumwamsha bodaboda.

Fanya vivyo hivyo kwa kampuni. Chumba cha uangalizi kinaweza kuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 550 kutoka Mtwara, na isiwe tatizo lolote, maana taarifa inafika kwa sekunde. Gari ndilo lenye safari. Duka likiwa Lindi mjini na gari la doria likilala Mtwara, kuna zaidi ya kilometa 100 katikati yao. Masasi ni karibu 200. Ukiwa Ruangwa, Liwale au Mangaka, swali la kwanza kwa kampuni yoyote ni kama ina gari na watu hapohapo mjini kwako, usiku.

Karatasi hiyo ikikuonyesha kwamba una watu watatu wa kuaminika ndani ya dakika 10, na kampuni iliyo karibu inafika kwa dakika 40, umeshapata nusu ya jibu. Ikikuonyesha kwamba uko peke yako, unasafiri kufuata mzigo kila mwezi, na jirani zako wote hufunga na kwenda mbali, umepata nusu ya jibu lingine.

Hatua ya 2: Lisome duka lako kwa macho ya mwizi

Wafanyabiashara wengi huweka kufuli tatu mlangoni na sumaku ya alamu juu yake, halafu wakalala. Katika kazi zangu, maduka mengi yaliyovunjwa hayakuguswa mlango. Watu walipandia bati, wakakata silingi bodi, au walitoboa ukuta wa nyuma unaotazama uchochoro. Kwa hiyo sumaku ya mlango peke yake haitoshi. Weka kihisi cha mwendo kinachotazama njia ambayo mtu lazima apite kwenda kwenye mali: droo ya pesa, kabati la simu, rundo la salfa, ile dawa ya mikorosho. Kifunge kama mita 2.2 kutoka sakafuni, pembeni, ili mtu akipita akate mbele yake. Kihisi humwona upesi anayekatiza kuliko anayekijia usoni.

Hapa pana jambo la ukanda wetu. Vihisi vya kawaida hutambua tofauti ya joto kati ya mwili wa mtu na vitu vilivyo nyuma yake. Stoo ya bati iliyofungwa tangu mchana huko Mtwara mwezi wa Novemba inaweza kufika nyuzi 35 na zaidi, na hapo tofauti na mwili wa binadamu inakuwa ndogo mno. Kihisi kinakuwa kama kimesinzia. Kwa stoo za namna hiyo nunua kihisi cha njia mbili, kinachopima joto na pia kurusha mawimbi ya redio. Vilevile kinapunguza milio ya bure, kwa sababu hakipigi kelele mpaka njia zote mbili zikubaliane.

Milio ya bure inastahili umakini wako kuliko wizi wenyewe, maana ndiyo inayoua alamu. Sababu zake nazijua kwa majina: mjusi kafiri anayetembea juu ya kioo cha kihisi, buibui, popo walioingia chini ya bati, panya wa stoo ya korosho, feni iliyoachwa ikipeperusha kanga zilizoning'inizwa, sumaku iliyoliwa na kutu ya chumvi ya bahari. Kule Marekani, jiji la Salt Lake City lilifika mahali mwaka 2000 polisi wakaacha kwenda kwenye alamu ya wizi mpaka mtu afike kwanza eneo la tukio na kuithibitisha, kwa kuwa karibu zote zilikuwa za bure. Majirani wa yule mama wa Chikongola walifikia uamuzi uleule wenyewe, bila kuitisha kikao. Kila mlio wa bure utafutiwe chanzo chake siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Umeme, laini na intaneti

Ukifunga duka, unazima meni swichi? Wengi tunafanya hivyo kwa kuogopa moto, na ni tabia nzuri. Lakini kama alamu imeungwa baada ya meni swichi, basi kila usiku inaishi kwa betri. Mwambie fundi aipe alamu swichi yake ndogo ya peke yake inayobaki imewashwa. Uniti za LUKU nazo zisiishie usiku.

Betri iliyozoeleka ni ya volti 12 na ampea-saa 7. Mtambo unaokula ampea 0.2 ungekaa saa 35 kwa hesabu ya karatasi. Betri iliyokaa kwenye joto letu ihesabie saa 20 tu, na uibadilishe kila baada ya miaka 2 au 3 hata kama bado inaonekana nzima. Andika tarehe ya kuiweka kwa kalamu juu ya betri yenyewe.

Laini iliyo ndani ya boksi isajiliwe kwa jina lako, kwa alama zako za vidole. Piga *106# uone kama namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako unazitambua zote. Nimekuta mitambo ambayo laini yake ni ya fundi aliyekwisha hama mji. Iwe na salio wakati wote, na itumike mara kwa mara, kwa kuwa laini iliyolala muda mrefu hufungwa na mtandao.

Kuhusu alamu zinazotegemea programu ya simu na Wi-Fi pekee, msimamo wangu ni mkali: usizitegemee peke yake kwa duka. Taarifa yake mara nyingi hutoka dukani kwako, ikaenda kwenye kompyuta za kampuni nje ya nchi, kisha ikarudi kwenye simu yako. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti iliyumba Tanzania nzima. Simu ya kawaida na ujumbe mfupi ndani ya nchi havipiti njia hiyo. Chagua mtambo wenye laini ya simu unaopiga na kutuma ujumbe, na programu iwe nyongeza.

Hatua ya 4: Ukiielekea kampuni, ibane kwa maswali

Kampuni za ulinzi binafsi hufanya kazi kwa kibali cha Jeshi la Polisi. Omba kukiona. Halafu keti na msimamizi wao, si muuzaji peke yake, muulize haya na uandike majibu mbele yake.

Usiku kuna magari mangapi ya doria hapa mjini, na yanalala wapi? Wakifika wakakuta kufuli limevunjwa, wanaingia, wanasubiri polisi, au wanazunguka na kuondoka? Watakaa mlangoni mpaka nifike? Milio ya bure ina malipo?

Mtambo ukinyamaza kabisa, mtajua baada ya muda gani? Hili la mwisho ndilo swali ambalo wateja hawaliulizi kamwe. Mtambo mzuri hutuma salamu kwenye chumba cha uangalizi kila baada ya muda fulani kusema bado uko hai. Mwizi akiharibu boksi au akavuruga mawasiliano, salamu inakosekana na mtu wa zamu anashtuka. Kama salamu hutumwa mara moja kwa siku, mwizi ana siku nzima. Omba iwe kila saa au pungufu.

Uliza pia kama wanapokea taarifa za kutega na kutegua. Wakizipokea, wanaweza kukupigia saa tatu usiku: "Mama, shikamoo, duka halijategwa, uko salama?" Huduma hiyo peke yake imewaokoa wateja wangu wawili ambao vijana wao wa duka walikuwa wakiondoka bila kutega.

Kwenye mkataba tazama muda wake, namna ya kuuvunja, mtambo ni mali ya nani, na kipengele cha fidia, ambacho kwa kawaida hupunguza sana wanachowajibika kulipa ukiibiwa. Ukinunua mtambo kwa fedha yako, dai upewe namba ya siri ya fundi, ile ya kubadilishia mipangilio ya mtambo, siku utakapoondoka. Bila hiyo, boksi ukutani ni pambo.

Kabla ya kuweka sahihi, omba jaribio la kweli, usiku, bila wale wa doria kuambiwa siku. Niliwahi kumsimamia mteja jaribio kama hilo hapa Mtwara. Simu ya mtu wa zamu ilikuja kabla ya dakika moja kuisha, kwa sauti ya heshima na maswali sahihi. Gari lilifika baada ya dakika 41, kwa sababu lilikuwa moja tu na lilikuwa upande mwingine wa mji. Mteja hakuwakasirikia. Aliwaomba wamwandikie dakika wanazoweza kuziahidi, wakashindwa, akashika njia nyingine.

Hatua ya 5: Ukijisimamia, jenga mnyororo wa watu

Nunua kitochi. Simu ndogo ya vitufe, laini yake, mlio wa juu kabisa, na kazi yake iwe moja tu: kupokea alamu. Inakaa kitandani, haiendi msikitini wala kanisani, haizimwi sauti. Betri yake inakaa siku kadhaa. Simu yako kubwa iwe namba ya pili, na namba ya mtambo uiruhusu ipite hata simu ikiwa kwenye hali ya kimya.

Namba zinazofuata ziwe za watu walio karibu na duka, si walio karibu na moyo wako. Mwanao wa Dodoma anakupenda lakini hawezi kumulika tochi Chikongola. Mlinzi wa duka la jirani, mjomba anayeuza chakula usiku stendi, bodaboda wa kijiwe kinachokesha, kijana wa ulinzi shirikishi: hao ndio miguu yako. Wafuate uso kwa uso. Mazungumzo yangu na mlinzi mmoja wa Lindi mjini yalikuwa mafupi:

"Mjomba, king'ora hiki kikilia, utafanya nini?"

"Nitakimbilia mlangoni."

"Usikimbilie. Simama ng'ambo ya barabara, mulika, piga kelele, umpigie mwenye duka na 112. Usiingie."

Hilo liwe agizo kwa kila mtu uliyemwandikisha. Hakuna shehena ya simu yenye thamani ya mkono wa mtu, na anayeingia peke yake gizani anaweza pia kudhaniwa ni mwizi. Mwenyekiti wa mtaa ajue mpango wako na awe na namba yako. Nenda pia kituo cha polisi cha karibu mchana, jitambulishe, uombe namba ya simu inayopokelewa usiku.

Posho kidogo kila mwezi kwa mlinzi wa jirani ni sehemu ya gharama ya alamu, uihesabu tangu mwanzo. Ukisafiri, kitochi unamkabidhi mtu. Barabara ya kwenda Dar ina vipande ambavyo mtandao hukatika, na basi la usiku si chumba cha uangalizi.

Kila mfanyakazi apewe namba yake ya siri, na anapoacha kazi ifutwe siku hiyohiyo. Kama mtambo unaruhusu, weka namba ya mateka: inategua kama kawaida, lakini inatuma taarifa kimyakimya kwamba umeshikwa. Kwa wakala wa fedha naiona ni ya lazima, pamoja na kitufe cha dharura chini ya meza.

Hatua ya 6: Hesabu ya miaka mitatu

Usilinganishe bei ya siku ya kwanza. Namba zifuatazo ni za mfano tu, weka zako. Kampuni: ufungaji sh. 300,000, ada sh. 120,000 kwa mwezi. Miaka 3 ni sh. 4,620,000. Kujisimamia: vifaa na ufungaji sh. 600,000, salio la laini sh. 5,000 kwa mwezi, betri mpya sh. 50,000, posho ya mlinzi wa jirani sh. 30,000 kwa mwezi. Miaka 3 ni sh. 1,910,000. Tofauti ni kama sh. 75,000 kila mwezi. Sasa rudi kwenye karatasi ya dakika. Kampuni ikikupunguzia dakika 30 na usiku mali ya milioni 20 inalala dukani, fedha hiyo ni ndogo. Isipokupunguzia hata moja, unalipia stika ya mlangoni. Uliza pia kama ada waliyokutajia ina VAT ndani.

Hatua ya 7: Fikiria msimu wa korosho

Kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa mwaka, minada ikianza, fedha inajaa Tandahimba, Newala, Masasi na kwingineko. Wakala ambaye mwezi wa Juni analala na laki chache analala na mamilioni. Duka la pembejeo nalo lina msimu wake wa salfa, miezi ya katikati ya mwaka. Hatari haifanani mwaka mzima, na ulinzi wako hauna sababu ya kufanana.

Kwa wengi wa ukubwa wetu, njia ninayoipendekeza ni ya mchanganyiko: mtambo wako mwenyewe, mnyororo wako wa watu mwaka mzima, na kampuni kwa miezi ya msimu kama ipo inayokubali mkataba mfupi. Ili hilo liwezekane, nunua boksi linaloweza kuzungumza lugha ya Contact ID, ambayo vyumba vingi vya uangalizi huielewa. Muulize fundi kabla hajatoa risiti. Maboksi ya bei ya chini kabisa mengi hayana, na siku ukitaka kuhamia kampuni utaanza upya.

Na fedha ya msimu isilale dukani kama benki bado iko wazi. Alamu hailindi uzembe huo.

Hatua ya 8: Bima, kamera na sheria

Kama duka lina bima ya wizi, soma sharti la alamu. Likisema duka liwe na alamu iliyotegwa na inayohudumiwa, usiku mmoja wa kusahau unaweza kukunyima fidia. Tunza risiti za matengenezo, na ukiibiwa chukua RB polisi mapema. Kamera zinazorekodi wateja zinaangukia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: bandika tangazo, zielekeze kwenye eneo lako, na uliza Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuhusu kujisajili.

Hatua ya 9: Jaribu usiku, kisha rudia

Siku ya makabidhiano usikubali jaribio la saa nane mchana fundi akiwa amesimama na rimoti. Chagua usiku wa katikati ya wiki. Mwambie mlinzi wa jirani na kituo cha polisi kwamba ni jaribio, wengine usiwaambie. Tega, zima swichi ya umeme, mtu apite mbele ya kila kihisi kimoja baada ya kingine. Andika saa king'ora kilipolia, saa kitochi kilipoita, saa mtu wa kwanza alipofika, na jina lake. Acha mtambo kwenye betri mpaka asubuhi uone kama bado uko hai.

Rudia kila baada ya miezi mitatu, na mara moja zaidi kabla ya Oktoba. Yule mama wa Chikongola sasa anajisimamia, ana namba tano, ya kwanza ikiwa ya mlinzi wa duka la vitambaa lililo mkono wa kulia. Karatasi ya majaribio imebandikwa ndani ya mlango wa kabati lake. Mstari wa mwisho nilioukuta umeandikwa kwa mkono wake unasema: king'ora 8:02, kitochi 8:02, mlinzi 8:05, mimi 8:13.